Watu wa Banda la Mchana

Nimestaafu mwezi uliopita, na wenzangu vijana wa zahanati wameniomba niandike jinsi banda letu lilivyokuwa tangu mwanzo, kwa sababu wao wamelikuta lina sakafu ya saruji na bati juu, wakadhani lilizaliwa hivyo. Nimekubali. Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Vyeo nilivyopata ni viwili tu, na hakuna aliyevitambua, hata mke wangu.

Kwanza nilieleze banda kwa wasiolijua. Liko Chemchem, mjini Tabora, nyuma ya zahanati ya Utawala wa Wenyeji. Lilijengwa kwa kodi ya watu wa nchi hii, kwa ajili ya watu wazima wenye maradhi yasiyoisha upesi: wenye ukoma, wenye vidonda vya miaka mingi, waliopooza upande mmoja. Walikuja asubuhi, wakaoshwa, wakafungwa vidonda, wakapewa dawa na uji, wakanyooshwa viungo, na alasiri wakarudi kwao. Hakuna aliyelala pale. Jambo hilo la kurudi kwao kila siku ndilo lililotutofautisha na hospitali, na ndilo lililotuletea matata, kama nitakavyosimulia.

Mimi ni mtu wa Usoke, mtoto wa wakulima wa karanga na mahindi. Nilibeba mizigo pale stesheni mpaka mgongo ukanionya, ndipo nikajifunza kazi ya kufunga vidonda katika hospitali ya Tabora. Tuliitwa madresa. Miaka michache kabla ya vita vya pili nikapelekwa kwenye banda. Nilifika nimevaa kaptula iliyopigwa pasi na viatu vilivyong'aa, nikauliza ofisi yangu iko wapi.

Aliyenipokea alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, amejifunga kanga kifuani na nyingine kichwani. Jina lake Bi Zuhura. Baba yake alikuwa Mmanyema aliyekuja na misafara ya Ujiji zamani za biashara ya pembe za ndovu, akabaki Tabora baada ya misafara kwisha. Kwenye karatasi za serikali Bi Zuhura aliandikwa mchemsha maji. Nilichukua muda kidogo, kama wiki moja na nusu, kuelewa kwamba mchemsha maji ndiye aliyekuwa mkubwa wa banda.

"Ofisi yako hii hapa," akasema, akanikabidhi beseni.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee mwenye kidonda chini ya unyayo, kirefu kiasi cha kuingia kidole. Nilichuchumaa mbali naye, nikanyoosha mikono kama mtu anayechota maji kisimani akiogopa kutumbukia. Bi Zuhura akanitazama mpaka nikamaliza. Kisha akaniambia polepole, mzee asisikie:

"Hukumwamkia."

"Nani?"

"Huyo uliyemwosha miguu. Umemshika miguu mtu mwenye umri wa baba yako hujampa shikamoo. Anza upya."

Nikaanza upya. Nikasema shikamoo baba, naye akaitika marahaba, akaniuliza ninatoka wapi, nami nikamwambia Usoke. Akaniambia amewahi kununua asali huko. Tukazungumza habari za asali mpaka kazi ya mguu ikaisha, na wakati huo nilikuwa nimekwisha kumkaribia bila kujua. Vijana wengi huniuliza dawa ya kuondoa hofu ya ukoma. Mimi sina nyingine.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na debe la kuchemshia vitambaa, maana bandeji hazikutupwa. Zilifuliwa, zikachemshwa, zikaanikwa, na Bi Zuhura alizijua moja moja kama mtu anavyojua mbuzi wake. Tulikuwa na wembe wa kuchongea sugu za nyayo baada ya miguu kuloweshwa, na mafuta ya karanga ya kupaka ngozi iliyokauka isije ikapasuka. Tulikuwa na sindano mbili. Dawa ya ukoma siku hizo ilikuwa mafuta mazito ambayo ilibidi yapashwe moto ndipo yapite, na sindano ikiwa butu tuliinoa kwenye jiwe. Iliuma. Sitaficha kwamba wako waliovumilia maumivu ya sindano kwa sababu ya uji uliofuata, na uji wa Bi Zuhura ulistahili. Halafu tulikuwa na viatu. Mfanyabiashara mmoja Mhindi mwenye lori alitupa matairi yaliyochakaa, nasi tukakata katambuga, tukaweka blanketi kuukuu ndani ili msumari usipenye. Kwa miguu isiyosikia maumivu, naapa katambuga iliponya kuliko sindano.

Sasa nifike kwa Nyamizi, ambaye ndiye kesi ngumu kuliko zote nilizopata.

Alikuwa mfinyanzi wa Ntalikwa, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye watoto watatu. Mumewe, Lugendo, alimleta kwa baiskeli asubuhi na kumfuata alasiri. Lakini hakuingia ndani hata siku moja. Alimshusha mbali, kwenye ua wa minyaa, akageuza baiskeli. Ukoma ulikuwa umeingia mikononi mwa Nyamizi. Vidole vilikuwa bado vizima lakini vilikuwa vimekufa ganzi, na vilijaa vidonda vya moto. Tulimtibu. Kufika Jumamosi vidonda vilikuwa vimeanza kufunga vizuri. Jumatatu alirudi na vingine vipya, mahali palepale, ndani ya viganja na kwenye ncha za vidole.

Ikawa hivyo kwa miezi miwili. Nilimwuliza, akasema hajui. Nilimwuliza kwa ukali, akasema hajui. Hata mwenye ganzi huona moto anaoushika, nikawaza, na mtu anayesema hajui anamficha mtu. Nikamfikiria yule mume aliyesimama kwenye minyaa hataki kuingia.

Jumatatu moja nikamfuata Lugendo kabla hajageuza baiskeli. Nikamwambia, "Ndugu, niambie kweli. Nani anamchoma mkeo?"

Hakunitukana. Alipanda baiskeli yake akaondoka, na alasiri ile alikuja kumchukua mkewe. Kesho yake hawakuja. Wala keshokutwa. Wiki nzima ikapita, na siku moja juu yake.

Bi Zuhura alikuwa anakoroga uji nilipomweleza nilichokisema. Hakuacha kukoroga.

"Umewahi kufika Ntalikwa?" akaniuliza.

"Sijafika."

"Basi ulikuwa unamhukumu kutoka hapa kwenye debe. Jumapili ukitoka kanisani, nenda. Usiende kama polisi. Nenda kama mgeni, ukae, ule."

Nilikwenda kwa miguu. Lugendo alikuwa uani anatengeneza mpini wa jembe. Aliponiona alisimama, na nadhani angeweza kunifukuza, lakini kwetu mgeni aliyekwisha kuingia uani hafukuzwi, hata kama ni dresa mwenye mdomo. Akanipa kigoda. Nyamizi alikuwa jikoni, anapika kwenye kibanda chake peke yake, maana majirani walikuwa wamewashauri atengewe vyombo, naye mwenyewe alikubali kwa ajili ya watoto. Kutoka nilipokaa nilimwona. Ugali ulipoiva aliinama, akakishika chungu pande mbili kwa mikono mitupu, akakiinua kutoka kwenye mafiga, akatembea nacho hatua nne au tano, akakiweka chini taratibu. Uso wake haukubadilika hata kidogo.

Niliinuka nikaenda pale. Nikamwuliza kwa nini hatumii majani au kitambaa kushikia.

"Zamani nilitumia majani," akasema. "Siku hizi sina haja. Kuni za siku hizi hazina moto, dresa. Si kama kuni za zamani."

Nikaweka kidole changu kwenye chungu kile, nikakiondoa upesi. Nikamwonyesha kidole. Kilikuwa kimekuwa chekundu. Nikamwomba afungue viganja vyake. Ngozi ilikuwa imeanza kuinuka malengelenge mbele ya macho yetu sote watatu.

Nyamizi alivitazama viganja vyake kwa muda mrefu. Kisha akakaa chini. "Kwa hiyo si kuni," akasema. Akaanza kulia, si kwa maumivu, maana hakuwa nayo.

Lugendo alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilimgeukia nikamwambia nimemkosea, na kwamba neno nililomwambia siku ile halikumstahili. Halafu akasema, "Na mimi nilikuwa nafikiri ninyi mnamchoma na dawa zenu." Tukacheka kidogo, kicheko cha watu wenye aibu, na tukala ule ugali.

Wiki ile Lugendo alichonga koleo la mti lenye mikono mirefu la kuinulia chungu, na mwiko mrefu kuliko wowote niliopata kuona. Bi Zuhura alimshonea Nyamizi mifuko ya mikono ya gunia yenye pamba ndani. Tukamfundisha kukagua mikono yake kwa macho kila jioni, kidole baada ya kidole, kama mtu anayechambua mchele, kwa kuwa macho ndiyo yaliyobaki kumwambia habari za mikono. Masika yalipokwisha hakuwa na kidonda hata kimoja. Akarudia ufinyanzi, vyungu vidogo kwanza. Na Lugendo akaanza kuingia ndani ya banda. Siku ya kwanza alisema amekuja kuomba maji ya kunywa. Siku ya pili hakutafuta sababu.

Baada ya vita akaja Bwana Mganga mpya, yaani daktari wa serikali, Mwingereza kijana, mwenye adabu, aliyesema Kiswahili cha kitabuni ambacho kila neno lake lilikuwa kama limepigwa pasi. Hakuwa mtu mbaya. Alikagua banda, akasifu usafi, kisha akatuambia kwamba mpango bora ni kuwapeleka wenye ukoma wote kwenye kambi, mwendo wa siku nyingi kutoka Tabora, ambako watapata mashamba na matibabu kamili. Banda lifungwe. Wakati huohuo wazee wa mtaa walikuwa wamepeleka malalamiko kwa Mtemi kwamba wagonjwa wanachota maji kisima kimoja na watu. Mambo mawili yakakutana, na shauri likawekwa mbele ya baraza la Mtemi, kwa kuwa fedha ya banda ilikuwa ya hazina ya wenyeji na Mtemi ndiye aliyepaswa kusema iendelee ama isiendelee.

Niliitwa nieleze kazi. Niseme kweli: niliogopa. Bwana Mganga alikuwa mkubwa wangu, naye alikuwa amekaa palepale kwenye kiti cha mbele. Nilisoma majina ya dawa, nikaeleza habari za debe na bandeji, nikakaa. Nilisema mengi na sikusema kitu. Bi Zuhura, aliyekuwa amesimama nyuma na wanawake, alinitazama kama siku ile ya shikamoo.

Ndipo Nyamizi akaomba kusema. Hakuitwa, alinyanyua mkono tu, na kwa kuwa mkono wenyewe ndio ulikuwa kesi, Mtemi akamruhusu.

Alipiga magoti akaamkia. Akasema, "Mtemi, Bwana Mganga anasema kambini nitapona. Namwamini. Lakini mimi mikono yangu imeponea hapa, nikienda asubuhi na kurudi jioni. Nimepika kila siku. Nimefinyanga. Mtoto wangu wa mwisho amejifunza kuhesabu kwa vidole vyangu, tukivikagua jioni. Nikienda kambini nikapona, nani kwangu ataona kwamba nimepona? Watakuwa wamekwisha kunizoea kuwa sipo."

Mzee mmoja wa mtaa akauliza kwa nini kodi ya wazima itumike kwa watu ambao hawatapona kabisa, mwaka huu na mwaka ujao na mwaka wa kumi.

Lugendo akasimama. Sikutegemea, maana alikuwa mtu wa maneno machache.

"Kodi natoa mimi," akasema. "Kila mwaka sijakosa. Sijawahi kuulizwa nataka ifanye nini. Leo nikiulizwa, nasema ifanye hii. Inirudishie mke wangu kila alasiri."

Mtemi akamwita Nyamizi karibu, akamwambia afungue mikono, akaitazama ndani na nje. Kisha akamgeukia Bwana Mganga akamwuliza kama ni wagonjwa wote wanaoweza kuambukiza wengine. Bwana Mganga, nasema kwa sifa yake, alijibu kweli: si wote, ni wachache, na inawezekana kuwapima. Basi, akasema Mtemi, wapimwe. Wale ambao ugonjwa wao bado unaenea waende kambini mpaka daktari aridhike. Waliobaki wabaki. Na banda lichimbe kisima chake.

Haikuwa ushindi wa kupiga vigelegele. Wote walipimwa, na wawili wakaondoka, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, nami niliwafungia mizigo. Mwanamume alirudi baada ya miaka mitatu. Mwanamke hakurudi, aliolewa hukohuko, akatuma salamu kwamba mume wake mpya ni fundi seremala na kwamba uji wao ni mbaya. Kisima tulikichimba wenyewe, jamaa za wagonjwa wakiongozwa na Lugendo na jembe lake. Bwana Mganga alikuja kukitazama, akavua kofia, akachimba kama nusu saa. Mikono yake ilipata malengelenge, na Nyamizi akamwonyesha jinsi ya kuyatunza.

Miaka iliyofuata ilikuwa miema. Vikaja vidonge vipya, sindano ya mafuta tukaiweka kabatini na hakuna aliyeililia. Wenye ukoma wakapungua bandani, lakini nafasi haikukaa tupu: walikuja waliopooza, wenye vidonda vya sukari, na dereva mmoja wa lori aliyevunjika kiuno na aliyetufundisha sote kucheza karata. Nyamizi aliajiriwa kusaidia kazi ya vyombo, kwa kuwa Bi Zuhura alikuwa amezeeka, ingawa hakuruhusu mtu kulisema.

Halafu asubuhi moja Bi Zuhura hakufika. Nilimkuta nyumbani kwake, mtaa wa pili tu kutoka bandani, amekaa chini mlangoni. Upande wa kulia ulikuwa umelala, na maneno yalimtoka nusu nusu. Jamaa zake wakataka kumpeleka hospitali alazwe. Akatikisa kichwa, akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea bandani.

Kwa hiyo tukamleta kila siku kwa mkokoteni, nami mara nyingi nilisukuma mwenyewe. Alikuwa mgonjwa mbaya sana. Alikataa uji wa Nyamizi kwa siku tatu, akisema, kwa maneno machache aliyokuwa nayo, kwamba una chumvi. Nyamizi alikaa naye akimnyoosha vidole vya mkono uliolala, kimoja kimoja, asubuhi na adhuhuri. Ilichukua miezi. Siku aliyoweza kufunga kanga yake mwenyewe tulijifanya hatuoni, maana alikuwa anatutazama kama tunaona. Aliishi hivyo miaka miwili na zaidi, akitoka kwake asubuhi na kurudi alasiri, akiwakosoa watu wote pande zote mbili. Alifariki kitandani kwake, baada ya chakula cha jioni, wajukuu wakiwa chumbani. Mchana wa siku ileile alikuwa bandani na alikuwa ameniambia bandeji zangu nimeanza kuzifunga kivivu. Nilizikagua baada ya mazishi. Alisema kweli.

Siku zimekwenda, na sasa mnazungumza habari za bendera mpya, jambo ambalo nami linanifurahisha. Yeyote atakayekuja kushika hazina, mwambieni banda ni la mchana, na asije akaona huruma akalijengea vitanda.

Siku yangu ya mwisho kazini nilisema maneno machache, nikakabidhi funguo kwa dresa mpya, binti mmoja hodari kutoka Itetemia. Saa kumi watu walianza kuondoka. Dereva wa lori, akijikongoja na magongo yake, akaniambia, "Haya, dresa, kesho." Nami kwa mazoea nikamjibu, "Kesho."

Asubuhi iliyofuata nilikaa nyumbani mpaka saa tatu. Mke wangu akaniambia kwamba nikiendelea kuzunguka uani kuku wataacha kutaga. Nikavaa, nikaenda. Sikuwa na kazi bandani, nikakaa kwenye benchi pamoja na wengine. Yule binti akanijia na beseni, akapiga goti.

"Shikamoo baba. Unasumbuliwa na nini?"

Nilitaka kumwambia sina kitu, lakini benchi lote lilikuwa linanisikiliza. Nikafikiri kidogo. "Goti," nikasema. "La kushoto. Tangu zile siku za stesheni."

Akalishika, akalikunja, akalinyoosha, akasema kweli limekaza na halitapona upesi. Akaniandika Jumatatu na Alhamisi.